Mgomo wa wazoa taka Toronto 2009: hasira za wananchi ziliishia kwa watu wasiostahili

MWANZISHA UZI (Toronto)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa mafao ya wafanyakazi unapopamba moto huko nyumbani, mimi nakumbuka kiangazi cha 2009 hapa Toronto, wafanyakazi wa jiji walipogoma siku 39 na taka zikalala kwenye viwanja vya michezo. Mgomo ule niliushuhudia, na nikashuhudia pia yaliyoufuata, ambayo kwa maoni yangu yaliumiza watu wengi zaidi kuliko ule uvundo. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mgomo ulianza saa sita usiku kuamkia Jumatatu, tarehe 22 Juni 2009. Matawi mawili ya CUPE, chama cha wafanyakazi wa umma wa Kanada, yalitoka pamoja. Tawi la 416 ni la wafanyakazi wa nje: wazoa taka, watu wa bustani, watu wa barabara. Tawi la 79 ni la wafanyakazi wa ndani: makarani, walezi wa vituo vya watoto, wasimamizi wa mabwawa ya kuogelea. Jumla yao karibu watu 24,000. Mkataba wao wa hali bora ulikuwa umekwisha tangu 31 Desemba 2008, na mazungumzo yakawa yanasuasua nusu mwaka mzima. Polisi, zimamoto na wafanyakazi wa mabasi hawakuhusika, wao wana vyama vyao.

Kwa hiyo ingawa watu wanauita mgomo wa taka, kulikuwa na kina mama waliokosa pa kuwaacha watoto, feri za kwenda visiwani zilisimama, na hata aliyetaka kufunga ndoa kwenye ofisi za jiji alirudishwa. Ila taka ndizo zilizopigwa picha.

Sasa kiini cha ugomvi. Mshahara ulikuwemo, lakini kilichowatoa watu nje hasa ni siku za ED, yaani ruhusa ya kutofika kazini kwa ugonjwa. Mfanyakazi wa jiji alikuwa na siku 18 za ugonjwa kwa mwaka zenye malipo, yaani siku moja na nusu kila mwezi. Zile asizozitumia zinawekwa, mwaka hadi mwaka. Akija kustaafu baada ya utumishi mrefu, analipwa taslimu sehemu ya zile alizolimbikiza, kikomo kikiwa mshahara wa miezi sita.

Hoja ya jiji nitaisema bila kuipunguza. Meya alikuwa David Miller, mtu wa mrengo wa kushoto ambaye vyama vya wafanyakazi vilimuunga mkono. Alisema deni la siku hizi linakua kila mwaka kwenye vitabu vya jiji na hakuna fungu la kutosha la kulilipa. Uchumi ulikuwa umeporomoka tangu 2008, mapato yameshuka, wanaohitaji msaada wa jiji wameongezeka. Akataka utaratibu ufungwe, iwepo bima ya ugonjwa ya muda mfupi: ukiumwa unalipwa, usipoumwa hulimbikizi kitu.

Wafanyakazi wakajibu kwamba kitu hiki kiliwekwa kwenye mkataba na jiji lenyewe, na kwamba polisi na zimamoto wa jiji hilo hilo walikuwa wamepata nyongeza ya karibu asilimia 3 kwa mwaka bila kuambiwa waachie mafao yao. Na madiwani waliokuwa wanahubiri kubana matumizi walikuwa wamepokea nyongeza ya asilimia 2.42 mwanzoni mwa mwaka ule ule. Hilo la madiwani liliwachoma sana watu waliokuwa kwenye mistari ya mgomo.

Nitaendelea kesho, hapa ni usiku.

MDAU WA TABATA

Mkuu nimekusoma vizuri lakini hapo kwenye ED umeniacha. Mtu hakuumwa, akaja kazini, akalipwa mshahara wa siku hiyo. Halafu miaka thelathini baadaye analipwa tena kwa sababu hakuumwa?

Mimi ni fundi wa aluminiamu. Nikiamka na homa nikabaki nyumbani, siku hiyo tunakula kilichobaki jana. Na kodi nalipa. Sasa kodi yangu mimi nisiye na ED hata moja iende kumlipa mtu ED ambazo hakuzihitaji, haiingii akilini. Hao watu wa Toronto walikuwa na haki ya kukasirika, tena walivumilia mno.

MWANZISHA UZI

Mkuu wa Tabata, uliyoyasema ndiyo yaliyokuwa yanapigiwa simu redioni hapa kila asubuhi. Dereva wa teksi, fundi bomba, mwenye mgahawa mdogo, wote walikuwa na swali lako: kwa nini yeye awe nacho na mimi sina? Ni swali la mtu anayeumia, silidharau.

Jibu langu ni kwamba ile pesa ni mshahara uliocheleweshwa. Mwajiri na chama wanapokaa mezani, mwajiri anasema mwaka huu sina cha kuongeza kwenye mshahara, lakini nitawapa haki fulani mtakayoichukua mbele ya safari. Mfanyakazi akikubali, amemkopesha mwajiri wake. Jiji limekaa na mkopo huo miaka ishirini, limejenga barabara na limejisifu kwamba kodi haijapanda sana, halafu siku ya kulipa linasema mkopeshaji ana tamaa. Ni sawasawa na mchezo wa upatu: umechangia miezi yote bila kukosa, zamu yako inafika, unaambiwa kanuni zimebadilika.

Na ujue kazi yenyewe. Mtu anayebeba mapipa nyuma ya gari la taka miaka ishirini na tano anaharibika mgongo, magoti na mabega. Kuna sindano kwenye mifuko, kuna vioo, kuna barafu ya Januari ambapo ukiteleza unaangukia chuma. Zile siku zilizowekwa ndizo zilizombeba akifanyiwa upasuaji wa goti akiwa na miaka hamsini. Wengi walizitumia kabla ya kustaafu, hawakufika kwenye hiyo miezi sita.

Kuna jambo moja jiji lilikuwa na haki, nalisema wazi: kijana aliyeajiriwa mwaka jana na kuvunjika mguu mwaka huu hana siku alizolimbikiza, kwa hiyo bima ya muda mfupi ingemsaidia zaidi. Kama jiji lingeileta hiyo bima kama nyongeza, au kama lingeinunua haki ya zamani kwa bei ya kueleweka tangu mwanzo, nadhani kusingekuwa na mgomo.

MDAU WA KISAUNI, MOMBASA

Asante kwa uzi. Sisi Mombasa tunaijua taka. Wenye umri wangu wote tunakumbuka ile harufu ya dampo la Kibarani, ukiingia kisiwani lazima ufunge dirisha la matatu. Leo wamepageuza bustani na taka zinapelekwa Mwakirunge.

Nataka kumwambia ndugu wa Tabata kwa nini wazoa taka duniani wanang'ang'ania mafao. Asome habari za Memphis, Marekani. Tarehe 1 Februari 1968 mvua ilikuwa inanyesha, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, wakajificha ndani ya sehemu ya nyuma ya gari la taka. Mashine ya kushindilia ikawaka, ikawasaga wote wawili. Jiji liliwapa familia zao mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Basi, hayo ndiyo yalikuwa mafao. Siku kumi na moja baadaye wenzao 1,300 wakagoma, wote au karibu wote watu weusi, na Martin Luther King aliuawa katika mji huo alipokwenda kuwaunga mkono.

Mgomo wakashinda, chama kikatambuliwa. Lakini pensheni ya jiji hawakuipata, wengine walifanya kazi hadi uzeeni kabisa kwa sababu kupumzika hawawezi. Mwaka 2017 ndipo jiji la Memphis likaamua kuwapa wale 14 waliokuwa bado hai kifuta jasho, kwanza dola 50,000 kila mmoja, kisha ikapandishwa hadi 70,000. Miaka arobaini na tisa baadaye! Na wenzao wangapi walikuwa wameshazikwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia mzoa taka ana mafao mengi mno, mimi huwa nataka kwanza aniambie mafao hayo yalipatikanaje.

MWANZISHA UZI

Shukrani sana ndugu wa Kisauni, hilo la Memphis lilipaswa kuwa mwanzoni kabisa.

Naendelea. Jiji lilifungua madampo ya muda kwenye bustani na viwanja vya umma. Lililosumbua sana ni Christie Pits, bustani iliyo kwenye bonde katikati ya mji, nyumba zimeizunguka pande zote. Kuna uwanja wa kuteleza kwenye barafu pale, kiangazi unabaki sakafu tupu ya saruji yenye uzio. Wakaujaza mifuko. Nilipita siku moja jioni baada ya kazi: mifuko meusi imepangwa kufikia kifua cha mtu, maji ya kahawia yanatiririka kwenye mfereji wa pembeni, na wanaume wawili wenye barakoa wanapuliza dawa ya wadudu. Hatua chache tu kutoka hapo watoto wanacheza mpira. Wakazi waliandamana, wakaziba lango, wakataka kujua dawa gani inapulizwa karibu na watoto wao. Walikuwa na haki kabisa. Bahati ilikuwa moja tu, Julai ile ilikuwa baridi kuliko kawaida. Ingekuwa Julai ya nyuzi 33 nadhani mambo yangekuwa mabaya zaidi.

Kwenye vituo vya kuhamishia taka wagomaji waliweka mistari yao. Gari linaingia moja moja, yanayofuata yanasubiri. Unakaa na mifuko yako ndani ya gari lisilo na kiyoyozi. Nilimwona baba mmoja, mtu mzima, ameshuka na mfuko akautupa miguuni kwa wagomaji akawaambia wana bahati ya kuwa na kazi. Mama mmoja wa makamo kati ya wagomaji, amevaa kizibao cha chama, akauokota, akaufunga vizuri, akauweka pembeni. Hakusema neno.

Sasa mimi nilikuwa naishi Etobicoke, magharibi mwa jiji. Kwetu taka zilibebwa kama kawaida! Etobicoke ilikuwa mji wake kabla ya kuunganishwa na Toronto mwaka 1998, na ilikuwa imeshakabidhi kazi hiyo kwa mkandarasi binafsi. Kwa hiyo kila siku watu wa katikati ya mji walikuwa wanaonyeshwa mfano: tazameni Etobicoke, mapipa yao ni matupu. Hoja hiyo iliingia vichwani kuliko takwimu zozote za meya. Hakuna aliyeuliza yule anayebeba mapipa ya Etobicoke analipwa kiasi gani na akiumia anapewa nini.

MDAU WA WINDSOR

Mimi ni Mrundi, naishi Windsor, Ontario, mpakani na Detroit. Nyinyi mlikaa siku 39, sisi mwaka huo huo tulikaa siku 101, kuanzia katikati ya Aprili mpaka karibu mwisho wa Julai. Wafanyakazi wa jiji 1,800. Hapa ugomvi ulikuwa bima ya afya baada ya kustaafu: dawa, meno na vitu kama hivyo. Jiji lilisema walioajiriwa wataendelea kuipata, ila watakaoajiriwa baadaye hapana.

Naomba mwelewe hali ya mji huu wakati ule. GM na Chrysler zilikuwa zimeingia kwenye ufilisi. Windsor ni mji wa magari. Ukosefu wa ajira ulikuwa kwenye asilimia 14, juu kuliko miji mikubwa yote ya Kanada. Mimi nilikuwa kiwanda cha vipuri, nikapunguzwa kazini nikiwa na watoto watatu na bima yangu ya afya ikakatika siku hiyo hiyo. Halafu natoka nje naona mtu amegoma kwa sababu ya bima ya mtu ambaye hata hajaajiriwa bado! Watu walitoa mashine zao majumbani wakafyeka nyasi za bustani za umma wenyewe. Nami nilifyeka.

Meya Eddie Francis hakulegea, na uchaguzi wa 2010 tukamrudisha. Mimi nilikuwa upande wake na sijabadilika. Pesa ya jiji inatoka kwa watu, na watu hawakuwa nayo.

MWANZISHA UZI

Ndugu wa Windsor, pole kwa yaliyokupata, na karibu sana kwenye uzi.

Ila ruhusu nikushike hapo hapo uliposema “mtu ambaye hata hajaajiriwa bado”. Wale 1,800 walikaa nje siku 101 bila mshahara kwa ajili ya watu wasiowajua. Wangeweza kusaini siku ya kwanza, mafao yao wenyewe yalikuwa salama. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea katika migomo ile miwili, na magazeti yaliliandika kama ukaidi. Mwishowe walishindwa, wapya wakakatwa, na mwaka uliofuata jiji lenu likaitoa kazi ya kuzoa taka kwa kampuni binafsi. Kwa hiyo hata walioahidiwa usalama hawakuupata wote.

Toronto ilimalizika hivi. Tarehe 31 Julai baraza la madiwani lilipitisha makubaliano kwa kura 21 dhidi ya 17. Nyongeza ya asilimia 1.75 mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 2.25 wa tatu. Kwenye ED, waliokuwepo wakapewa hiari: endelea na utaratibu wa zamani au uza siku zako uhamie kwenye bima mpya. Atakayeajiriwa kuanzia hapo, bima mpya tu, hakuna kulimbikiza.

Angalieni nani aliyelipa. Meya alisema ameshinda kwa sababu utaratibu utakufa wenyewe wazee wakiisha. Chama kikasema kimeshinda kwa sababu hakuna mwanachama aliyepokonywa. Wote wawili walikuwa sahihi, kwa sababu gharama waliitupa kwa kijana ambaye siku hiyo alikuwa sekondari, hana kura kwenye chama wala kwenye baraza. Leo watu wawili wanaweza kuning'inia nyuma ya gari moja la taka, kazi moja, hatari moja, na mafao tofauti. Tangu hapo umoja wa wafanyakazi hawa haukuwa ule ule, na mwajiri yeyote mwenye akili analijua hilo.

Wananchi nao hawakuridhika. Wengi waliona meya amelegea: siku 39 za uvundo na bado wale wa zamani wamebaki na ED zao. Septemba Miller akatangaza hatagombea tena. Oktoba 2010 akachaguliwa Rob Ford, aliyekuwa ameahidi kuitoa kazi ya taka kwa wakandarasi. Akatimiza: Agosti 2012 eneo lote kati ya barabara ya Yonge na mto Humber likaenda kwa kampuni ya GFL. Mapema mwaka huo huo 416 walisaini mkataba bila mgomo, na kinga iliyokuwa inamlinda kila mwajiriwa wa kudumu asipoteze kazi kwa sababu ya ukandarasi ikabaki kwa wenye miaka 15 ya utumishi tu. Mara nyingine tena, wapya nje.

Mkuu wa Tabata, hapa ndipo nilipotaka kufika. Yule dereva wa teksi aliyepiga simu redioni, baada ya yote haya, alipata nini? Hakupata hata siku moja ya ED. Hasira yake ilitumika kumpunguzia mwingine, na yeye akabaki vile vile. Hakuna mwanasiasa hata mmoja aliyesema: jamani, tumegundua watu wengi mjini hawalipwi wakiugua, tuwawekee utaratibu. Nguvu ile ya wananchi milioni mbili na nusu wenye hasira ingeweza kudai hicho.

MWALIMU MSTAAFU, MOROGORO

Nimesoma yote mpaka hapa. Wanangu, sisi haya tumeyapitia bila mgomo.

Nilianza kazi nikijua kwamba nikistaafu nusu ya mafao naipata kwa mkupuo na nusu inakuwa pensheni ya kila mwezi. Nilipanga maisha kwa hesabu hiyo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa, kikaja kikokotoo cha asilimia 25, yaani mkupuo uwe robo tu ya mafao. Watumishi wakalia nchi nzima, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akasema vikokotoo vya zamani virudi hadi 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 serikali ikasogeza hadi 40 kwa sisi tuliokuwa kwenye 50, na 35 kwa wenzetu ambao tangu zamani walikuwa kwenye 25.

Serikali ina hoja yake, kwamba mkupuo ukipungua pensheni ya mwezi inakuwa nzuri na mfuko haufilisiki. Naielewa, nimefundisha hesabu. Lakini nyumba haijengwi kwa pensheni ya mwezi. Nyumba yangu iliishia kwenye lenta miaka mingi nikisema nitaimalizia kwa mkupuo. Ningeambiwa nikiwa na miaka thelathini ningejipanga vingine, ningeweka akiba. Kuambiwa ukiwa na hamsini na saba ni kama hukuambiwa.

Kwa hiyo mimi sibishani kama ED 18 ni nyingi au chache. Mpya umwambie masharti siku ya kwanza, akubali au akatae. Wa zamani umwachie alichoahidiwa. Hapo natofautiana kidogo na mwanzisha uzi, naona Toronto walifanya afadhali kuliko sisi.

MWANZISHA UZI

Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa, na kwa mstaafu aliyeguswa kama wewe ni kweli Toronto walifanya afadhali.

Shida yangu ni hilo la mpya kukubali au kukataa. Kijana anayetafuta kazi ya kuzoa taka hana nafasi ya kukataa. Anasaini chochote kilicho mezani. Mtu pekee anayeweza kukataa kwa niaba yake ni yule wa zamani mwenye chama, na ndiyo maana nilisema wale wa Windsor walifanya jambo kubwa.

AFISA KAZI MSTAAFU, DODOMA

Nichangie upande wa sheria ya kwetu maana naona inahitajika.

Kwanza, mgomo kama wa Toronto Tanzania ni mgumu sana kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 77, inataja huduma ambazo wafanyakazi wake hawagomi, na huduma za maji na usafi wa mazingira zimo. Mzoa taka akitaka kugoma, hoja hiyo ndiyo atakayopigwa nayo kwanza. Mgogoro wake unakwenda kwenye usuluhishi na uamuzi. Mtu anayenyimwa mgomo anastahili uamuzi wa haraka, na hapo bado tuna kazi. Hata huko Toronto, mwaka 2002 waligoma na bunge la jimbo likawarudisha kazini kwa sheria baada ya siku 16, Papa Yohane Paulo II akiwa anakaribia kufika kwa Siku ya Vijana Duniani.

Pili, ED. Kifungu cha 32 kinatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Usipozitumia zinakwisha na mzunguko, hakuna kulipwa. Mkuu wa Tabata, kwa maana hiyo hapa kwetu unalolikataa halipo kisheria. Lililopo ni kwamba wengi wanaostahili hizo 126 hawapewi hata moja.

MDAU WA TABATA

Afisa asante. Bado sijakubaliana na kulipwa ED ambazo hukutumia, hapo tutabishana mpaka kesho. Lakini umenikumbusha jambo.

Barabara ninayopita kwenda karakana kuna kina mama wanafagia, wanaanza saa kumi na moja alfajiri, wako chini ya mkandarasi. Mmoja alikatwa na kipande cha bati mguuni, akakaa nyumbani wiki mbili, hakulipwa hata shilingi, aliporudi akakuta fagio analo mtu mwingine. Glovu hawana, wanajifunga mifuko ya nailoni mikononi. Na nimesikia kwao wenyewe kwamba wakikaribia miezi sita wanasimamishwa kidogo, halafu wanaitwa tena. Hao sheria inawafikia au ni ya watu wa maofisini?

AFISA KAZI MSTAAFU, DODOMA

Inawafikia, mkuu.

Huo mtindo wa kuwasimamisha kabla ya miezi sita tunaujua sana. Kifungu cha 29 kimeliona: mtu akifanya kazi kwa mwajiri yule yule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na vipindi hivyo vikijumlishwa vikazidi miezi sita, ana haki ya likizo zenye malipo, ikiwemo ya ugonjwa. Waandike tarehe walizoanza na walizosimamishwa, hata kwenye daftari la shule la mtoto. Meseji za malipo ya simu wasizifute, huo ni ushahidi.

Aliyekatwa mguu alikuwa kazini, kwa hiyo lake ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wa mfuko huo unalipwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu. Kama mkandarasi hakusajili watu wake, kosa ni la mkandarasi. Aende na karatasi za hospitali.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nako waende kuulizia taarifa za michango yao. Inatakiwa iingie asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, na pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, kwa hiyo kila mwezi unaoruka una maana. Kama wanakatwa na haifiki, wapeleke malalamiko.

Aliyekuta nafasi yake imechukuliwa awahi CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, mengine siku 60. Fomu ni namba moja, haina malipo. Waende kadhaa kwa pamoja, akienda mmoja atatishwa. Wakikosa wa kuwajazia, nitumie ujumbe binafsi, nitawajazia mimi.

MDAU WA TABATA

Nimekutumia, mkuu. Huyo wa mguu leo ana siku ya kumi na tisa tangu arudishwe nyumbani.